Ngolo Anauliza Moyo wa Chura Una Vyumba Vingapi

Dada Pelagia,

Salamu kutoka Kasansa. Barua hii naiandika kwa mkono, nimekaa nyuma ya nyumba karibu na zizi ili nisionekane, na asubuhi nitampa kondakta wa basi la Mpanda akufikishie hapo gazetini Kashaulili, na nakuomba sana uisome mapema maana shida yangu ina siku, siku yenyewe ni Alhamisi ijayo, na mpaka sasa sijui nishike lipi niache lipi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ni Mpimbwe wa hapahapa, mume wangu Malale ni Msukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe yeye akiwa bado mdogo. Mtoto wetu wa kwanza ni wa kike, ana miaka kumi na miwili, anaitwa Ngolo, na jina lake usilifiche, huku wote wanamjua na hana ubaya wowote, wa kufichwa ni mimi. Alipokuwa darasa la tatu mfupa wa paja uliingia usaha, akapasuliwa mara mbili, akalala kitandani miezi mingi, akaja kuanza kutembea kwa magongo, na shule iko mbali, kilomita saba na korongo katikati ambalo masika halipitiki, basi mwalimu mkuu akaniambia mama, kama unaweza mfundishe nyumbani, jina lake nitaliacha kwenye rejista na mitihani nitakuletea. Mume wangu akakataa, akasema mwacheni mtoto apumzike, tangu lini jikoni pakawa na mwalimu, na mimi kwa uchungu nikamjibu kwamba nimemaliza kidato cha nne, ila sikuwahi kumwambia tu.

Dada, sikumaliza. Niliacha kidato cha pili kabla hata ya mtihani wa taifa, mama yangu aliugua nikarudi kumwuguza, alipopona hakuna aliyeniuliza habari za shule tena na mimi sikuuliza. Lakini mume wangu aliposikia kidato cha nne alitengeneza ubao kwa mbao za zizi akaupaka masizi, akauegemeza ukutani, na kila aliyepita hapa akaambiwa mke wangu ni msomi. Nikapenda, sitakuficha. Nikisimama mbele ya ule ubao na Ngolo amekaa kwenye kigoda na mguu wake kaunyoosha, najiona mtu.

Sasa nikwambie huyo mtoto alivyo. Huyu anataka kujua kila kitu chenye uhai kinaendaje! Mwaka juzi alileta mayai ya chura kutoka kwenye majaruba ya mpunga, yale kama ute wenye nukta nyeusi, akayamwaga kwenye beseni langu la kufulia, nikataka kumchapa, lakini baada ya siku chache yakawa viluwiluwi, na nyumba nzima ikapata wazimu, mume wangu ambaye alikuwa anacheka ndiye akawa anaamka kwanza, anachungulia beseni, anapiga kelele "Miguu ya nyuma imetoka! Nyie amkeni, imetoka!" Tukafua mtoni wiki nyingi. Mbuzi akichinjwa, Ngolo anaomba moyo na mapafu kabla sijaviweka sufuriani, anapuliza mapafu kwa bua la mtama tuone yanavyojaa. Ana daftari kaliandika "Vitu Nilivyoviona kwa Macho", ana mifupa ya ndege kwenye kopo, ana hata jino la kiboko ambalo mchungaji mmoja alimletea, analiweka chini ya kitanda.

Siku moja alikuta chura kakanyagwa na ng'ombe akampasua kwa wembe, akaniuliza, "Mama, moyo wa chura una vyumba vingapi?" Mimi najua wa mbuzi ni vinne, nikasema vinne. Akaangalia, akasema, "Mbona mimi naona vitatu?" Nikamwambia ni kwa sababu amekanyagwa. Hakubisha. Aliandika kwenye daftari, mama anasema vinne, mimi nimeona vitatu.

Hilo la chura lingepita, ila la ndama halipiti. Mwezi uliopita Ngolo alikuwa anashika ndama mmoja mmoja chini ya masikio, akaja kuniambia mama, yule mwekundu ana uvimbe hapa, kama embe dogo, na ndani ya sikio kupe wamejaa. Nikaenda, nikamshika, nikamwambia ni mafuta, ndama ananyonya vizuri kanenepa. Akaniamini. Siku ya nne ndama akaacha kunyonya, akawa anahema kwa shida na povu puani, na siku ya saba akafa. Ngolo alikaa pale na magongo yake hakulia, akaniuliza swali moja tu, "Kumbe mafuta yanaua?"

Wiki iliyofuata akamkuta ndama mwingine na uvimbe uleule mahali palepale, safari hii hakuja kwangu, alimfuata baba yake akamwambia, "Baba, mpigie bwana mifugo sasa hivi, huyu bado anakula, yule mwingine tulichelewa." Mume wangu akapiga. Bwana mifugo wetu, Melkiadi, akaja na pikipiki, akapima joto, akashika matezi, akasema ni ndigana kali, inaletwa na kupe, na mmewahi. Akachoma sindano. Yule ndama leo ninapokuandikia anaruka zizini anawapiga wenzake vichwa.

Melkiadi akauliza, "Nani kaligundua hili?" Mume wangu akamwonyesha Ngolo. Akaliomba daftari lake, akasoma kurasa nyingi amesimama, akaniuliza, "Na mwalimu wake nani?" Nikasema mimi. "Umefika kidato cha ngapi, mama?" Na mbele ya mume wangu, mama mkwe na majirani, na Ngolo ananitazama, nikasema cha nne.

Basi mambo yakawa makubwa, Dada, na ni mambo ya furaha, ila mimi nayaogopa. Melkiadi amesema Alhamisi atatupeleka Mpanda kwa rafiki yake Révérien, fundi wa maabara ya mifugo, mwenye hadubini, ili Ngolo akavione hivyo vijidudu vya ndigana ndani ya damu, na tangu asikie hilo mtoto halali vizuri, anaimba, anauliza hadubini inakuza mara ngapi. Lakini Melkiadi huyohuyo kamwambia afisa elimu kata habari zangu, na afisa amefurahi, anataka niwe mwalimu wa kujitolea wa klabu ya sayansi shuleni, atapanda na sisi gari hiyo ya Alhamisi, na amesema nije na cheti changu atoe nakala mjini.

Nimefikiria kusema Ngolo anaumwa mguu tusiende. Nimefikiria kusema cheti kimeliwa na mchwa. Na juu ya yote hayo maswali yake yamenipita kabisa, vitabu nilivyonavyo ni vya darasani kwake na amevimaliza, namtafutia wapi vya baiolojia huku tuliko, na mtu asiyejua atamfundishaje anayejua? Nisaidie, namba ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mimi mama mwenye aibu, Kasansa.

DADA PELAGIA ANAJIBU

Mama Ngolo,

Umeficha jina lako ukaacha la mtoto, sasa unadhani Kasansa watashindwa kukujua? Ndiyo maana barua yako sikuichapa Jumamosi ile. Nimeisubirisha mpaka wewe mwenyewe umeniruhusu, na wasomaji wataona kwa nini.

Tuanze na la chura lisije likasahaulika. Nimemuuliza mwalimu wa baiolojia hapa mjini. Moyo wa chura una vyumba vitatu. Wa mbuzi vinne, wa samaki viwili. Ngolo alikuwa sahihi na wewe ulikosea.

Barua yako nimeisoma nikacheka na lile beseni, nikasikitika na yule ndama, halafu nikakasirika. Kukosea si kosa, mama, hata madaktari wanakosea. Lakini ulitaka kumnyima mtoto hadubini ili uwongo wako upate pa kujificha. Ulishaanza hata kuutafutia mguu wake ugonjwa, mguu ambao umeuuguza miaka mitatu! Hapo niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Kisha nikapiga simu. Ilikuwa Jumapili mchana. Nawaeleza wasomaji yaliyotokea, kwa ruhusa ya wote wawili.

Ilipokelewa na sauti nyembamba. "Shikamoo. Mama ameenda kuchota maji. Mimi Ngolo."

Nikasema marahaba, mimi ni Dada Pelagia wa gazetini, nitapiga baadaye.

"Usikate. Wewe ndiye uliyeandikiwa na mama? Nilimwona nyuma ya zizi. Ni kuhusu cheti?"

Nikamwambia siri ya mtu naitunza. Mtoto akaendelea mwenyewe, taratibu, kama anayesoma hesabu ubaoni.

"Mimi najua mama hakufika kidato cha nne. Kuna daftari lake la baiolojia la zamani kwenye sanduku. Limeandikwa kidato cha pili. Limeishia katikati ya sentensi, na kurasa zilizobaki ni nyeupe. Mtu akiendelea na shule hawezi kuacha sentensi katikati."

"Umejua lini?"

"Nikiwa darasa la nne. Halafu mama akifundisha kitu anachokijua anaandika haraka. Akikisia anajikuna shingo. Akijikuna, mimi naandika na alama ya kuuliza."

"Na yule ndama?"

"Siku ile hakujikuna. Alikuwa anaamini kweli ni mafuta. Na mimi nikaamini."

Nikamuuliza kwa nini siku zote hizo hakumwambia mama yake kwamba anajua.

"Angeona aibu akaacha kunifundisha. Na mimi sina mwalimu mwingine." Kisha akaongeza harakaharaka, "Dada, mwambie wewe. Ila mwambie asiache. Na mwambie Alhamisi tuende!"

Uliporudi na ndoo yako nilikwambia yote, nikakusema sana, ukalia, na sijutii. Nilikwambia umwambie mume wako siku hiyohiyo kabla ng'ombe hawajaingia zizini, kisha umpigie afisa elimu kata mwenyewe, usimtume mtu, useme maneno mawili, sina cheti. Na nilikwambia kwamba vyovyote watakavyojibu, Alhamisi mtoto anapanda gari.

Ulifanya, na hapo nakupongeza kwa moyo wote. Malale alinuna. Siku mbili alikula kwa mama yake, na haki yake, maana amekutangaza kijiji kizima kwa jambo ambalo halikuwepo. Jumanne jioni alirudi akakaa mbele ya ule ubao, akauliza, "Kwa hiyo haya yote umemfundisha na kidato cha pili?" Ukasema ndiyo. Akasema, "Basi ungemaliza tusingelala humu ndani kwa maswali." Ukanisimulia hilo kwenye simu huku unacheka na kulia pamoja. Afisa elimu naye alisema ukweli wake, kwamba bila cheti hawezi kukuandika mwalimu wa kujitolea, utaratibu ndivyo ulivyo. Limekuuma, najua. Lipokee. Alisema pia mzazi yeyote anakaribishwa kukaa kwenye klabu na mtoto wake, na kiti hicho hakidai cheti.

Alhamisi saa tano asubuhi simu yangu ikaita. Nyuma yako nilisikia kelele za watu na sauti ya Ngolo juu ya zote. "Dada, hataki kutoka!" ukasema. "Révérien ameshamwambia mara tatu tunafunga tukanywe chai, hataki kutoa jicho!" Kisha nikamsikia akikuita, "Mama, njoo, zungusha hapa polepole, viko ndani ya chembe zenyewe!" Ukaniacha hewani. Nikasubiri. Niliposikia tena pumzi yako ulisema kwa sauti ndogo, "Nimeviona. Viko kama alama za mkato." Mimi niko ofisini Kashaulili, sijawahi kuona kijidudu chochote maishani mwangu, na nywele zilinisimama.

Sasa kazi. Sikiliza vizuri, maana kusherehekea kumekwisha.

La kwanza na kubwa kuliko yote: mnyama aliyekufa mwenyewe asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Kuna kimeta, na kimeta kinaua watu. Ngolo apasue kile tu kilichochinjwa na kukaguliwa, au samaki wa sokoni, avae glavu, anawe kwa sabuni, na wembe wake wa kupasulia usiingie jikoni kwako. Chura aliyekanyagwa naye basi, aangaliwe kwa macho. Mwambie hili Melkiadi mwenyewe akusaidie kumweleza, atamsikiliza.

La pili, lile jino la kiboko. Mama Ngolo, mnaishi jirani na hifadhi halafu mnalaza jino la kiboko chini ya kitanda cha mtoto! Hizo ni nyara za serikali na kukutwa nazo ni kesi. Mume wako alipeleke kwa askari wa wanyamapori akiongozana na mwenyekiti wa kijiji, aeleze lilivyofika, wiki hii, asingoje wao wamfuate. Mtoto achore picha yake kwanza, vipimo vyote, kisha liondoke.

Vitabu vipo, na vingi havihitaji nauli. Taasisi ya Elimu imeviweka vitabu vya kiada mtandaoni, vinasomwa bure, vya msingi na vya sekondari. Tafuta kijana mwenye simu nzuri na bando, mkae sehemu yenye mtandao, mfungue Sayansi ya darasa la sita na la saba, halafu Baiolojia ya kidato cha kwanza. Hiyo ya sekondari ni ya Kiingereza, kwa hiyo mtahitaji kamusi, na msikimbie: ukurasa mmoja kwa siku, neno gumu linaandikwa ubaoni na maana yake kwa Kiswahili. Nenda pia sekondari iliyo karibu, muulizie mwalimu wa baiolojia, usiende mikono mitupu, nenda na lile daftari la Ngolo. Mwalimu akilisoma kurasa tano atakuazima kitabu bila kuombwa mara mbili. Wiki ya chanjo ya mifugo, Ngolo awe msaidizi wa Melkiadi, aandike idadi, ashike chupa, aulize. Hakuna shule ya baiolojia nzuri kuliko zizi lenye mtaalamu ndani yake.

Halafu mguu. Umeniambia sasa anatembea kwa gongo moja na anapanda baiskeli nyuma ya baba yake. Basi kiangazi hiki arudi darasani. Najua hukupenda kuisoma sentensi hiyo. Mtoto huyu anahitaji mtihani wa darasa la saba, anahitaji wenzake wa kubishana nao kuhusu vyumba vya moyo, na huwezi kumweka kwenye kigoda kwa kuwa wewe unapenda ubao. Mwongee na mwalimu mkuu Jumatatu, mpange siku ambazo Malale atampeleka, na masika korongo likijaa mtaendelea nyumbani kama zamani. Jioni ubao ni wenu. Ukiwa hujui, sema sijui, na wote wawili mwandike alama ya kuuliza.

Umeniuliza mtu asiyejua atamfundishaje anayejua. Hatamfundisha, atasoma naye. Na hapa nina neno na wewe peke yako. Uliacha shule kwa kumwuguza mama yako, na watu wakasahau kukuuliza kama unarudi. Mimi nakuuliza. Kuna mtihani wa maarifa, wenyewe wanauita QT, kwa watu walioishia mahali ulipoishia, na ukiupita unafungua njia ya kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Umri wako si tatizo, wapo mabibi wanaofanya. Siku utakayokwenda kuazima kile kitabu cha baiolojia, ulizia hapohapo kituo cha kujiandikisha kiko wapi na dirisha linafunguliwa lini. Usiniandikie barua ya kuniambia kwamba unafikiria. Nenda, na ukipita dukani, nunua madaftari mawili.

Dada Pelagia